Ukuta wa Akina Mama

Kanisa letu la Gatwekera halina mnara, na ukipita kichochoroni bila kuinua macho utadhani ni nyumba nyingine ya kupanga. Lilianza kama chumba kimoja cha mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuja kutoka Magharibi na rozari yake, akawa anawaalika majirani kusali Jumapili. Chumba kikajaa. Wakabomoa ukuta wa chumba cha pili, kisha cha tatu, na kila walipoongeza hawakugusa paa la zamani. Walilaza mabati mapya kando yake tu. Ndiyo maana hadi leo paa lina miteremko mitatu isiyopatana, na maji ya miwili kati yake hukutana juu ya ukuta wa upande wa mtoni. Mlango ulipanuliwa baadaye, baada ya jeneza moja kukataa kupita. Mimi ni mwashi, najenga nyumba za ghorofa za kupangisha kule Gatina, na ukiniambia nikuchoree ramani ya jengo hilo tutakosana.

Ukuta huo wa upande wa mtoni ulikuwa wa miti na fito, umejazwa udongo, na ulikuwa mali ya akina mama. Mwanaume aliruhusiwa kusimamisha nguzo na kufunga fito, basi. Kukandika na kusiliba ni kazi ya wanawake, kama ilivyo huko kwetu Magharibi, na mwanaume ambaye angeonekana na udongo viganjani angechekwa mpaka ahame mtaa. Kila mwaka kabla ya Krismasi akina mama walitoka na makarai, wakakoroga udongo mwekundu na majivu na mavi ya ng'ombe, wakausiliba upya. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kutoka nguzo hadi nguzo. Akizeeka au akifa, kipande kilikwenda kwa binti yake au kwa mke wa mwanawe.

Kipande cha mama yangu kilikuwa cha kwanza kutoka altareni. Alikipaka kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, na hata nikiwa mtoto ningeutambua mkono wake kati ya ile mingine yote. Taabu ni kwamba Mungu alimpa mwana mmoja tu, mimi huyu, na mke wangu aliondoka zake kabla hajashika karai hata siku moja. Magoti ya mama yalipogoma, kipande chake kilibaki kimechakaa katikati ya vilivyong'aa. Kikaingia ufa. Jumapili mama alikuwa akikaa benchi la mbele na kuutazama ule ufa badala ya padri.

"Hicho kikianguka," aliniambia tukitoka misa, "watasema nilikufa kabla sijakufa."

Hapo ndipo ujuaji wangu ulipoingia. Udongo nisingeugusa, mila ni mila. Lakini simiti ni kazi ya wanaume, na hakuna bibi yeyote aliyewahi kutuachia wosia kuhusu simiti. Jumamosi moja nikaja na vifaa vyangu. Nikapigilia waya wa kuku kwenye nguzo ili plasta ishike, nikapiga plasta ndani na nje, nikailainisha kwa ubao mpaka ukuta ukawa kama wa benki. Simiti ilikuwa imebaki, na sifa nazo zilikuwa zimeanza, kwa hiyo nikaendelea na vipande vya akina mama wengine pia. Jioni ukuta mzima ulikuwa wangu. Padri alinishukuru mbele ya watu.

Mama alikuja akauwekea kiganja. "Sasa huu utapumua aje?"

"Nani?"

"Ukuta."

Nilicheka. "Mathe, ukuta si mtu." Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa upande wangu, na mimi nilikuwa nimeziba hasa.

Masika yakafika. Zamani maji ya paa yaliingia kwenye udongo asubuhi, na jua la alasiri likayatoa. Sasa yaliingia juu yakakosa pa kutokea. Nje hukuona kitu, plasta ilikuwa safi kabisa. Siku moja niliegemea ukuta huo wakati wa kwaya, nikahisi umefura. Nikaugonga kwa kidole: juu ulilia kama debe tupu, chini haukulia kabisa. Watu walipotoka nikatoboa tundu dogo kwa msumari, na tope likatoka likitiririka. Nilisukuma msumari kwenye nguzo kwa dole gumba tu, ukazama wote.

"Fundi," katekista alisema, "hii si ukuta. Ni uji."

Mimi ambaye Gatina hugombana na makontrakta mpaka wananikimbia, niliziba lile tundu kwa kidole. Nikiing'oa plasta, waya ungetoka na nguzo zilizooza. Nikiiacha, ingeangukia watoto wa katekisimu. Nilikaa benchini nikapekua ujuzi wangu wote, miaka yote hiyo ya mwiko na timazi, na humo hamkuwa na kitu cha kunisaidia. Nilikuwa na hofu, na zaidi ya hofu nilikuwa na aibu.

Mama akasikia. Kesho yake alikuja na fimbo yake, nyuma yake akina mama wawili wamembebea karai la udongo uliokorogwa vizuri. "Nitausiliba," alisema. "Ukipata udongo utatulia."

Nilijua udongo hauwezi kushika kwenye simiti laini. Nani angejua kuliko mimi? Nikampisha tu. Alichota, akapaka nusu duara yake, ikashika muda wa kuchota tena, kisha ikateleza mpaka sakafuni. Akapaka tena. Ikamwangukia viatuni. Akapaka tena, safari hii akiisukuma kwa viganja vyote viwili, akaishikilia kama mtu anayezuia mlango, na alipoachia ikashuka yote. Nilikuwa hatua moja nyuma yake, mikono mitupu, fundi mzima. Wale akina mama wawili walitazama chini.

Alijifuta kwa leso. "Umeulainisha sana, kijana yangu," akasema, bila hasira. Ningependa angenitukana.

Wiki hiyo tuliuvuta ukuta kwa kamba, ukaanguka wote kwa mara moja, vipande vya akina mama wote pamoja. Tukaziba kwa mabati. Mvua ikinyesha sasa misa haisikiki.

Jumapili iliyofuata alikuja mama mmoja aliyekuwa ushago, kijijini kwao, tangu Pasaka. Alisimama mlangoni akashika mdomo. "Ukuta wetu umepatwa na nini?"

Akina mama walitazamana. Wote walijua. Mimi nilikuwa palepale, nikafungua kinywa.

"Ni mvua," mama yangu alimjibu, akinitazama mimi. "Mvua ya mwaka huu ilikuwa mbaya sana."

Nikafunga kinywa. Tangu siku hiyo kanisa zima huilaumu mvua, na mimi huitikia pamoja nao.