Kesi ya Jiwe la Chumvi

Mbuzi wangu walianza kula nyumba. Waliulamba ukuta wa udongo wa jikoni mpaka ukabaki mwembamba kama chapati ya kusukuma, mke wangu akawa anapika huku anasalimiana na wapita njia. Walilamba mpini wa jembe. Walilamba majivu. Mgeni mmoja alitoka juani, jasho linamtiririka, akakaa barazani kupumzika, nao wakamlamba shingo mpaka akaondoka bila kunywa maji. Na vitoto vyao vilikuwa vinazaliwa miguu imelegea, havisimami.

Nikaenda Ikwiriri, kwenye duka la pembejeo. Sijamaliza hata kueleza, mwenye duka akainama chini ya meza na kuibuka na jiwe jekundu la mraba, zito kama dhambi.

"Chumvi ya madini," akasema. "Wape walambe. Ukuta wako utapona."

Sasa, mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni. Nilisoma biolojia chini ya taa ya kuchaji, mvi zimeshaingia ndevuni, nikafaulu, na tangu hapo hakuna jambo la kisayansi linalonipiga chenga kuanzia Mohoro hadi Kibiti mjini. Kwa hiyo jiwe lile sikuliweka bandani kama mtu wa kawaida. Nilikaa nikafikiri. Mbuzi wangu mchana hupumzika kwenye kivuli cha mkorosho wa mwisho, pale shamba langu linapopakana na kichaka. Pana kisiki. Nikaliweka jiwe juu ya kisiki.

"Chakula kinamfuata mlaji," nikamwambia mke wangu.

"Na hiyo nayo uliisoma jioni?" akauliza.

Mbuzi walipona. Manyoya yakang'aa, majike wakazaa mapacha, na beberu wangu mweusi alinenepa akawa anatembea kama diwani aliyepita bila kupingwa. Ukuta nikaukandika upya. Watu walikuja kutoka vijiji vya Mahege kumtazama beberu yule, na siwadanganyi, wengine walimwamkia.

Halafu akaja pongo.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama, nimekwenda kuwarudisha mbuzi, nikamkuta kwenye kisiki: swala dume wa vichakani, wa kahawia iliyoiva, madoa meupe ubavuni kama aliyenyunyiziwa unga wa mchele. Analamba jiwe langu. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Akaendelea kulamba kama mtu aliyelipia. Baada ya siku chache akaja na mkewe, kisha na wakweze, mwishowe nadhani pongo wote wa bonde la Rufiji walishapigiana simu. Asubuhi ungeona nyayo zimezunguka kisiki kile utadhani palichezwa ngoma.

"Mjomba," jirani yangu mmoja akaniambia, "nyama inakuja yenyewe hadi mlangoni, wewe unaipa salamu?"

"Hao ni wageni wa serikali," nikamjibu. "Mimi nawakaribisha tu."

Mate yalinitoka, sikatai, lakini mate si kosa la jinai. Sheria naijua, uraia nilipata alama nzuri kuliko hata biolojia. Kumwinda pongo bila kibali ni kosa, na kumvuta kwa chambo ili umpige ni kosa lililopanda juu ya kosa. Tena mimi nilikuwa na la kupoteza. Ndani kwangu, juu ya mlango, linaning'inia gobore la marehemu baba, lenye kibali chake, la kufukuzia nguruwe pori kwenye mpunga. Ondoa gobore lile, na shamba letu la bondeni nitalilima mimi, watavuna nguruwe.

Ikafika hitima ya arobaini ya shangazi yangu. Kwetu, kwenye shughuli kama hiyo, msiba ni wa wafiwa lakini uwanja ni wa watani. Wanaficha miko, wanakalia mkeka wa shehe, wanadai marehemu alikufa kabla hajawalipa, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Mtani wangu mkubwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye Mungu alimpa mdomo kwanza, mwili ukafuata baadaye ukiwa umechoka.

Pilau ikapakuliwa. Haikuwa na chumvi. Nina hakika ni yeye aliyeificha.

Shemeji akaonja tonge, akalirudisha kwenye sinia polepole, akasimama.

"Jamani, msimlaumu mpishi! Chumvi yote ya nyumba hii wamepewa pongo. Shemeji yangu huyu anawatega kwa jiwe pale shambani. Anawakoleza wangali hai! Akishampiga mmoja kwa lile gobore lake, kazi ni kutia maji tu na kuinjika."

Watu walicheka mpaka sinia zikatikisika. Hata mimi nilicheka. Mtu mmoja tu hakucheka: bwana nyama mpya, msimamizi wa wanyamapori, aliyehamia kwetu juzi juzi kutoka mikoa ya bara, aliyekuja kwa heshima kuhani. Alikuwa ameshika tonge, na tonge halikufika kinywani. Baadaye alinieleza kwamba kwao pia watani wapo, ila hutaniana juu ya sura na ulafi. Kumzushia mtu kesi hadharani hajawahi kukusikia. Na shemeji yangu, akitania, uso wake huwa mkavu kama wa kadhi.

Kesho yake asubuhi bwana nyama alikuwa shambani kwangu na askari wa wanyamapori wa kijiji. Akaliona jiwe. Akaziona nyayo. Akanyoosha mkono kuelekea nyumbani.

"Gobore lipo?"

"Lipo, afande. Na kibali chake."

"Kibali cha nguruwe pori au cha pongo?"

Akaondoka na vyote viwili, jiwe na gobore. Akasema kabla ya kupeleka shauri Kibiti atanisikiliza mbele ya serikali ya kijiji, na kama sina maelezo, basi gobore nilihesabie limekwenda, na mimi mwenyewe nijiandae kulifuata. Mpunga wakati huo ulikuwa unachanua. Nguruwe, ambao nao nahisi wana mtu wao ofisini, walipata habari siku hiyo hiyo. Wakaanza kuingia upande wa mtoni.

Na mbuzi wakarudi kwenye ukuta wa jikoni.

Siku ya shauri ofisi ya kijiji ilijaa mpaka madirishani. Mbele ameketi mwenyekiti, pembeni yake mtendaji wa kijiji, na bwana nyama amesimama. Juu ya meza, karibu na mlango uliokuwa wazi kwa ajili ya joto, vielelezo: jiwe langu jekundu na gobore la baba. Kuliona gobore lile limelala pale kama maiti isiyo na wenyewe kulinichoma kuliko kesi yenyewe.

"Swali langu ni moja," akasema bwana nyama. "Jiwe la mbuzi kwa nini likae ukingoni mwa kichaka, lisikae bandani?"

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza na fosforasi. Nikaingia kwenye kalsiamu na ukuaji wa mifupa, nikapitia mmeng'enyo wa chakula kwenye tumbo lenye vyumba vinne, nikawa naelekea kwenye shaba. Mwenyekiti alishafumba macho.

"Bwana," bwana nyama akanikatiza, "unanifundisha au unajitetea?"

"Vyote viwili, afande."

Watu wakacheka. Yeye akaandika. Kisha akamwita shemeji yangu.

"Wewe ndiye uliyesema, mbele ya watu, kwamba huyu anatega pongo kwa chumvi?"

"Ndiye mimi."

"Ni kweli?"

Neno moja tu, "natania," na mambo yangekwisha. Lakini mtani wa kwetu hafuti utani wake bure. Akiufuta hivi hivi, watoto watamzomea mpaka azikwe, na hata kaburini watani wenzake watamkumbusha. Shemeji akakuna kidevu, akaniangalia, akaangalia dari.

"Mimi siwezi kusema kitu hapa," akasema, "mpaka huyu bwana anipe jogoo."

"Shahidi anadai jogoo," bwana nyama akasoma kwa sauti huku akiandika. Niliona kalamu yake inakwenda Kibiti kabla yetu.

"Shemeji!" nikamwambia. "Nakupa jogoo, nakupa na banda lake!"

"Na mshitakiwa anakubali kumpa shahidi jogoo," akaendelea kuandika.

Mtendaji akashika kichwa. Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja, huyu anaeleza utani ni nini, huyu anamkatiza kwamba haanzi vizuri, na bwana nyama amesimama katikati kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Akainua mkono, akasema ameshasikia ya kutosha, shauri liende Kibiti. Akalishika gobore.

Ndipo tukasikia mlio kutoka nje.

Ulikuwa wa beberu wangu. Namjua kwa sauti. Nyuma yake kulikuwa na kundi zima, na walipopata harufu kutoka mlangoni, wallahi hawakutembea, waliruka. Aliyekuwa kwenye kizingiti aliona afadhali atokee dirishani. Beberu akaingia kama mwenye ofisi, akapanda benchi, kutoka benchi akapanda meza, akaweka kwato moja kwenye karatasi za mtendaji na ulimi kwenye jiwe. Wenzake wakamfuata. Mmoja alikosa nafasi mezani akaulamba mkono wa bwana nyama, uliokuwa na jasho. Meza ikayumba, gobore likamponyoka bwana nyama na kudondoka sakafuni kwa kishindo, na wazee wote wa kijiji, pamoja na mwenyekiti aliyekuwa amesinzia, wakalala chini, ingawa gobore lile halikuwa na baruti tangu msimu uliopita.

Kilichosikika ni ndimi tu: rapu, rapu, rapu.

Bwana nyama akajaribu kumshusha beberu kwa kumshika pembe. Beberu hakumtazama hata. Akajaribu kuliondoa jiwe, na lile kundi likamfuata kila alikolipeleka, mpaka pembe ya chumba na kurudi, vitoto vya mbuzi vikimpita kati ya miguu. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi, jiwe mapajani, mbuzi wakimlia kofia.

"Haya," akasema akijifuta macho. "Mashahidi hawa hawajadai jogoo."

Hapo shemeji yangu akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake nikamwona uso wake si mkavu.

"Afande, nisikilize sasa, jogoo nimesamehe. Mimi nakula kwa huyu bwana tangu siku ya harusi. Nyumbani kwake sijawahi kuonja pongo. Angempiga hata mmoja, mimi ningekuwa mtu wa kwanza kujua, maana chakula kikiiva pale mimi ndiye wa kwanza kufika. Ule ulikuwa utani. Pilau ilikosa chumvi kwa sababu chumvi niliikalia mimi."

Ofisi ililipuka. Utetezi wa namna ile hakuna wakili wa mjini angeweza kuupanga.

Bwana nyama aliposimama tena, alizungumza taratibu, kila mtu amsikie. Kumpa mbuzi chumvi si kosa, akasema. Kosa ni chambo cha kuwindia. Lakini mwenye gobore akiweka chumvi mahali ambapo pongo ndio wanatokea, yeye akipita hapo atajuaje kilichomo moyoni mwa mtu? Jiwe likae bandani, usiku mlango ufungwe. Nikasema ndiyo afande, na safari hii sikuongeza fosforasi.

Akaokota gobore sakafuni, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akanipa.

Mimi sijawahi kupokea cheti kizito kama kile. Mwenyekiti akaamua kwamba shemeji, kwa kuleta usumbufu, abebe jiwe kichwani mpaka kwangu. Basi tukatoka: mbele mimi na gobore la baba begani, nyuma yangu shemeji na jiwe, nyuma ya shemeji mbuzi wote wakimrukia na kulia, na nyuma yao kijiji kizima. Wanawake wakapiga vigelegele njia nzima. Nahisi vilisikika Mafia, ng'ambo ya bahari.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mbuzi walifikaje ofisini?" nikamwuliza.

"Walikata kamba," akasema.

Nikatazama. Kamba zilikuwa zimekunjwa vizuri na kutundikwa msumarini. Mpaka leo anaapa walikata kamba.

Usiku ule ule nguruwe waliokuwa wameshazoea walisikia salamu ya gobore, mlio mmoja tu wa kwenda juu, na wakahama tarafa. Mpunga uliobaki ulivunwa wote. Pongo bado wanakuja jioni kulamba kisiki, maana mti ulikunywa chumvi ya kuwatosha hadi wajukuu wao, na kisiki hakihamishiki bandani. Bwana nyama mwenyewe akipita hukaa nami tukawatazama.

Tulipopika mchele mpya, tulimwalika yeye na shemeji. Shemeji akaonja tonge la kwanza, akafumba macho, akatafuna muda mrefu, sote tukingoja.

"Imekolea," akasema. "Leo pongo wamelala njaa."

Bwana nyama ndiye aliyecheka wa kwanza.