Laptopu Nne na Chumba cha Mahindi

"Sasa huyu mtu aliitengeneza, yeye anapata nini?"

Tata aliniuliza hivyo akiwa ameishika flashi yangu kwa vidole viwili, ameielekeza dirishani kana kwamba mwanga ungemwonyesha kilichomo. Nilikuwa nimejiuliza swali hilohilo tangu chuo kikuu, na kila jibu nililolipata lilibomoka nilipoligusa.

Ndani ya flashi ile mlikuwa na mfumo mzima wa kuendesha kompyuta. Unaichomeka kwenye mashine ambayo diski yake imekufa, unaiwasha, na mashine inaamka kutoka kwenye hicho kipande cha plastiki. Mfumo wenyewe uliundwa na mtu mmoja katika nchi ambayo sijawahi kufika, jioni baada ya kazi yake ya kawaida, kwa kupenda tu. Wapenzi wengine wachache walijiunga naye baadaye. Haukuuzwa. Ulikuwa mdogo kuliko video ya harusi ambayo watu hutumiana kwa simu. Mwenzangu wa chumbani chuoni ndiye aliyenipa, nami niliukagua kama wazazi wanavyomkagua kijana aliyekuja kuposa. Nilitafuta mahali unapopeleka habari zangu kwa mtu. Nilitafuta matangazo. Nilitafuta mlango wa nyuma. Nilipokosa vyote, sikutulia, nilizidi kushuku.

"Labda ameokoka," Tata alisema.

"Hata waliookoka huomba sadaka, Tata."

"Wewe!" Akanipiga begani na ile flashi, kisha akacheka.

Tata ni dada mkubwa wa mama yangu. Alikuwa mwalimu katika shule ndogo ya msingi ukishapita Kiganjo, upande wa Naro Moru, mahali ambapo asubuhi ukungu hauondoki mpaka mapumziko ya chai na watoto huvaa sweta mwaka mzima. Mwishoni mwa madarasa palikuwa na chumba kisichotumika. Tata alikitaka kiwe chumba cha kompyuta. Kamati ya shule ilikitaka kiwe ghala la mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana, maana ghala la zamani lilikuwa limeingiwa na maji na panya. Kamati ilikuwa ije Alhamisi. Wakikuta mashine zinafanya kazi, chumba ni cha watoto. Wakikuta zimelala, chumba ni cha magunia.

Nilimwambia Tata nilivyofikiri, kwa sababu sijui kunyamaza: kwamba mtoto mwenye njaa hahitaji kompyuta, na huenda kamati ilikuwa na haki.

"Njaa naijua, usinifundishe," alinijibu. "Lakini hii chumba ikitoka kwa mkono yangu, hairudi. Na hawa watoto wamengoja."

Akanionyesha walivyokuwa wakingoja. Kwenye kabati kulikuwa na rundo la vipande vya katoni, kila kimoja kimechorwa kibodi kwa kalamu ya wino: herufi zote mahali pake, hata ile ya kurudi nyuma. Kila wiki watoto walikaa na katoni zao mezani, Tata akisoma maneno, nao wakiyaandika kwa vidole juu ya karatasi ngumu isiyojibu kitu. Niliviangalia vile vipande kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vimefutika wino pale kwenye herufi A.

Laptopu zilikuwa nne, zote za kupewa, zote zimetupwa na wenyewe. Moja ilitoka hoteli fulani ya Nanyuki, nyingine kwenye saiba, duka la intaneti, iliyofungwa Karatina, ya tatu kwenye ofisi ya kanisa la Tata, ya nne kwa binamu yetu anayefanya biashara mjini Kenol. Nilifika Jumatatu na mkoba wangu, nikadhani nitamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Ile ya Karatina ilikuwa na kibodi iliyomwagiwa chai. Ili mashine ianze na flashi badala ya diski yake mbovu, lazima ubonyeze kitufe fulani mara tu inapowaka, na kitufe hicho ndicho kilichokuwa kimekufa. Nilichomeka kibodi ya nje niliyoazima kwa katibu wa shule. Ikatii.

Ile ya hoteli ilikuwa na kiburi. Iliiona flashi, ikakataa kuifungua, ikisema haiutambui mfumo ule. Kompyuta za kisasa huwekewa mlinzi anayekubali mifumo ya kampuni anazozijua tu, na mtu wangu wa jioni baada ya kazi hakuwa miongoni mwao. Niliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa nikamwondoa yule mlinzi. Ikaingia.

Ile ya kanisa iliwaka, ikaonyesha picha ya mwanzo, halafu skrini ikawa nyeusi ti. Nilihangaika nayo Jumatatu yote na sehemu ya Jumanne. Mwishowe niligundua kwamba mfumo ulikuwa ukijaribu kuitumia skrini kwa ufundi mkubwa kuliko uwezo wa mashine yenyewe. Palihitajika neno moja tu katika mstari wa kuwashia, la kuuambia usijisumbue, uonyeshe picha ya kawaida. Niliandika neno hilo. Giza likakaa, likakaa, kisha ikatokea mandhari ya bluu yenye mstari mweupe wa vifaa chini yake, safi kama asubuhi ambayo mlima umeonekana wote.

"Haiya!" Tata alisema nyuma yangu. Sikujua alikuwa amesimama pale.

Nilimwonyesha jambo ambalo mpaka leo sijalizoea. Mfumo ule ukishaamka, hujinakili wote kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa hiyo nilishika flashi nikaichomoa. Kishale kiliendelea kutembea. Programu ya kuchora ilifunguka. Flashi ilikuwa mkononi mwangu.

"Umeitoa na bado inaona?"

"Bado inaona."

"Na nikizima?"

"Inasahau kila kitu. Hata kwamba uliwahi kuiwasha."

Tata alivuta kiti akakaa mbele ya ile mashine, mikono mapajani, kama mtu aliyeingia kanisani mapema. Ningeweza kumweleza jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Nilikuwa nimelifanyia mtihani jambo hilo. Lakini maelezo yangu yalieleza njia tu. Hayakunipunguzia mshangao, na kwa mara ya kwanza sikuona vibaya kushangaa kitu ninachokielewa.

Ikabaki ile ya Kenol. Hiyo ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote: kubwa, nyepesi kutumia, betri yake bado nzima. Iliamka bila ubishi. Baada ya muda mfupi ikajizima. Nikaiwasha, ikaamka, nikafungua programu ya kuchora, ikajizima tena. Jumatano nzima nilishinda nayo. Nilipima kumbukumbu, nikabadilisha chaja, nikaandika maneno ya kila namna kwenye mstari wa kuwashia. Mchana nilianza kuamini kwamba ule mtego nilioutafuta kwa miaka sasa nimeunasa: mfumo wa bure ulikuwa na ubovu wake, na yule mtu wa mbali alikuwa akitucheka.

Saa tisa hivi chumba kilikuwa na giza la mawingu. Nikaibeba ile laptopu mpaka kwenye ukingo wa dirisha ili nione vizuri. Nilifanya kazi pale. Nikaendelea. Nikashtukia kwamba haijazimika. Niliirudisha mezani kwa furaha, nikamwita Tata aje aone. Alipofika ilikuwa imekufa.

"Labda inapenda kuangalia nje," alisema.

Niliirudisha dirishani, ikaishi. Mezani, ikafa. Ndipo nilipoweka kiganja juu ya meza, mahali ilipokuwa, na meza ilikuwa na joto kama kitanda ambacho paka ametoka sasa hivi.

Niseme kuhusu vitambaa. Katika nyumba zetu kitu cha maana hakiwekwi juu ya mbao tupu. Kochi lina kitambaa cha kufuma, televisheni ina chake, redio, hata chupa ya chai. Kwa hiyo wazazi waliposikia kwamba shule imepata kompyuta, mama wa mtoto mmoja wa darasa la tano alifuma kwa sufu vitambaa vinne, vizito, vyenye maua katikati, na Tata akavitandika chini ya kila mashine. Nilikuwa nimevitazama siku tatu bila kuviona. Nimekulia juu ya vitambaa kama hivyo. Laptopu tatu zilivuta hewa ubavuni. Ile ya Kenol ilivutia tumboni, na tumbo lilikuwa limelalia ua la sufu.

Niliinua kitambaa. Mashine iliishi mezani mpaka jioni.

"Sasa tatizo ni ingine," Tata alisema. "Huyo mama atakuja kesho na kamati. Akikuta kitambaa yake haiko, atasema tumeitupa. Huyo akinuna, hata mvua inajua."

"Tumwambie ukweli. Ni hewa tu."

"Mwambie wewe. Mimi naishi hapa."

Tulijadiliana, na mwishowe Tata alivitoa vitambaa vyote akavitundika nyuma ya skrini, ua likiangalia mlangoni. Laptopu zikaonekana kama mabibi harusi wanne waliopigwa picha kwa nyuma.

Alhamisi kamati ilikuja. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, mzee Mwislamu aliyekuwa na wajukuu wawili pale shuleni, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote na ulimi wa mnadani. Mama wa vitambaa alikuwa nyuma yake. Alitazama mabibi harusi wake, akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika. Watoto wa darasa la Tata walikuwa wamekaa wawili wawili, mashine zote nne zikiwaka.

"Mwalimu, naona umejitahidi," mwenyekiti alisema, na hapohapo stima ikapotea.

Tatu zikazima. Betri zao zilikuwa zimekufa zamani. Ni ile ya Kenol tu iliyobaki ikiangaza katika chumba chenye giza, na msichana mmoja mbele yake amekaza mikono asiiguse.

"Sasa hizi zimekufa?" mwenyekiti aliuliza.

"Zimelala tu, mzee," nilisema.

"Binti, hiyo ndiyo lugha ya muuzaji. Nami nimeuza mbuzi wengi waliolala." Watu wakacheka. Akageukia wenzake. "Mahindi hayahitaji stima."

Tata alisogea karibu na kabati. Alikuwa ameshika chaki ingawa hapakuwa na ubao. Nilitaka kuzungumza, lakini jambo alilosema mzee lilikuwa kweli.

Mwenyekiti akasogea kwenye mashine iliyobaki. "Na wewe mama, unafanya nini hapo?"

"Nangoja kuandika," yule msichana alisema.

"Andika basi. Andika jina la shule."

Akaandika. Alikuwa akimtazama mzee usoni, kwa adabu, kama tunavyofundishwa kumtazama mkubwa anapokusemesha, na vidole vyake vikaandika vyenyewe. Herufi zilitokea moja baada ya nyingine, zote sawa. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza maishani kugusa kibodi inayojibu. Mimi niliyesomea mambo hayo bado ninatazama vidole vyangu.

"Huyu mmempeleka wapi kujifunza haya?" mwenyekiti alimuuliza Tata.

Tata alifungua kabati akamwekea mikononi kipande cha katoni. Mzee alikigeuza. Upande wa pili kulikuwa na maandishi ya kampuni ya mafuta ya kupikia. Akakigeuza tena, akapitisha kidole kwenye herufi zilizofutika. Hakutania.

Stima ilirudi wakati huo. Nilichukua flashi nikaenda kwenye mashine ya kwanza, ikaamka, nikaichomoa. Nikaenda ya pili. Kwenye ile ya kanisa niliandika neno langu, na sote tukangoja katika ule weusi, watoto, kamati, mama wa vitambaa, mpaka bluu ikatokea, na mtu mmoja nyuma akapumua kwa sauti. Kipande kimoja cha plastiki kilikuwa kimepita chumba kizima, na sasa kilikuwa kiganjani mwangu, na mashine zote zinaona. Nilimfikiria yule mtu wa mbali. Bila shaka alikuwa akifanya shughuli zake, hajui kwamba kuna shule chini ya Mlima Kenya.

Mwenyekiti alitoka nje akapiga simu, akirudi na kwenda mbele ya dirisha, akiongea kwa sauti ya chini. Aliporudi alisema, "Chumba kikae hivi kilivyo. Haya ya mahindi tutayazungumza," akaomba chai.

Nilirudi mjini Nyeri nikiamini kwamba kamati iliahirisha tu jambo ambalo lilikuwa bado mezani. Miaka ilipita, Tata akastaafu, nami nikamkuta binti wa yule mzee katika duka lake la nguo Nanyuki. Ndiye aliyenieleza kwamba asubuhi ile lori la mahindi ya shule lilikuwa tayari limeshapita Kiganjo, na kwamba simu ile ilikuwa ya kumwambia dereva asisimame shuleni. Magunia yalishushwa sebuleni kwao, yakakaa humo muhula mzima, na wageni wa baba yake walikuwa wakipokelewa jikoni.