Chumba cha Mjukuu

Mama fundi cherehani alishamwaga matofali uani, awajengee chumba mwanawe na mkewe waliokuwa wakilala sebuleni. Halmashauri ikasimamisha ujenzi wa makazi kwa muda, eti watu wamekuwa wengi kuliko maji ya bomba. Akaenda tena ofisini.

“Ni kwa muda tu, mama,” karani akamwambia.

“Mwanangu, uliniambia hivyo hivyo mkwe wangu akiwa hana hata dalili. Sasa yuko mbioni kujifungua. Na mtoto nimwambie asubiri kibali?”

Karani akacheka. “Vuta subira, mama.”

“Subira ninayo. Nafasi ndiyo sina.”

Akarudi nyumbani roho imechoka. Akamwomba Mungu ampoze hasira, kisha akahamishia kitanda chake jikoni, akamwachia mkwe chumba.