Kompyuta Iliyoungua Ilipoongea

Kompyuta ilikuwa imekufa, na mi ndiye niliyeizika.

Nilichomoa ubao wake uliokuwa mweusi kwa moshi, nikautupa kwenye shimo la taka nyuma ya ofisi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, kweupe kabisa, nikaiona inawaka. Mlio wake wa kuamka uleule. Picha yake ya ziwa ileile.

Iliwaka ndani ya kompyuta nyingine.

Halafu ikaanza kuongea kwa sauti ya mtoto.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa nimelogwa. Nilikuwa nimechoka tu.

Naitwa Wellars. Mwaka 1999 nilikuwa fundi wa kompyuta wa shirika dogo pale Gisenyi, mpakani na Kongo, upande wa chini karibu na ziwa. Kazi yetu ilikuwa kutafuta familia za watoto waliopotea.

Wenye umri wangu wanakumbuka mwisho wa 1996. Kambi za wakimbizi za Kongo zilivunjika, watu wakarudi kwa miguu kupitia kituo cha mpakani cha Grande Barrière, msururu hauna mwanzo wala mwisho. Mama kamshika mtoto mkono, wanasukumwa, akigeuka ameshika hewa.

Watoto wengi walibaki ng'ambo. Wadogo mno. Ukimuuliza mama yako anaitwa nani, anajibu: "Mama."

Mwenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Goma, dada Saidati, mzaliwa wa mtaa wa Birere, aliona picha hazitoshi kwa sababu sura ya mtoto hubadilika haraka. Akaanza kuwarekodi sauti. Mtoto anaambiwa aseme chochote anachokumbuka cha kwao. Kanda zinaletwa kwetu, tunaingiza sauti kwenye kompyuta, kanda zinarudi Goma kurekodi wengine juu ya sauti za kwanza.

Programu ya kuhifadhi sauti hizo ilitengenezwa na mtaalamu mmoja aliyekuja, akaitengeneza, akaenda zake. Haikufunguka popote ila kwenye ile kompyuta.

Siku moja umeme ukakatika, ukarudi na hasira. Paa! Moshi.

Diski ilipona, lakini ilikuwa inakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga. Niliichomeka kwenye kompyuta mpya, ikagoma kuamka. Kompyuta mpya ilikuwa na mfumo mwingine, Linux, na ndiyo iliyobeba barua pepe za ofisi nzima. Kuifuta niweke mfumo wa zamani ilikuwa marufuku.

"Wellars, achana na hiyo maiti," alisema Madame Kabatesi, mkuu wetu. "Tuko na fiche. Kila mutoto aliandikwa kwa karatasi, jina yake, umri, maneno alisema. Bon, inatosha."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama mi.

Na mi ningeachana nayo kweli, kama si Verediane.

Verediane alikuwa analima viazi Mudende. Siku za soko alishuka navyo mjini, akishauza anakuja kwetu, anakaa kwenye benchi na kikapu kitupu magotini. Binti yake Uwase alipotea njiani wakitoka kambi ya Mugunga, akiwa na miaka minne hivi. Kabatesi alishamsomea fiche zote za wasichana wa umri huo. Uwase hakuwemo.

"Mi nimechoka kusomewa," aliniambia siku moja, kwa Kiswahili chake alichookota kambini. "Nataka kusikia. Sauti ya mutoto yangu nitaijua. Fundi, ile machine itapona lini?"

"Mama, ile imekufa."

"Na sauti zilikufa nayo?"

Jioni hiyo nikaichukua tena ile diski.

Rafiki yangu mmoja wa Kigali alinipa CD ya programu mpya wakati huo, ya kutengeneza kompyuta ya uongo ndani ya kompyuta ya kweli.

"Unaidanganya ile diski," alinieleza. "Inaamka, inafikiri iko kwake. Lakini ufunguo ni wa majaribio. Muda ukiisha, inajifunga."

Kwanza nikanakili diski yote ikawa faili moja kubwa. Ilikwama, nikaanza upya. Ilipata moto, nikaipepea kwa kipande cha katoni kama mgonjwa wa malaria. Mwishowe ikakubali.

Nikadhani nimemaliza. Wapi!

Ile kompyuta ya uongo ilihitaji programu nyingine, na kwenye Linux programu huja kwa vifurushi. Mi niliviweka kupitia kihariri changu cha maandishi, kilekile nilichoandikia barua. Vifurushi vyote vinapangwa kama ukurasa wa maandishi. Unashuka mstari kwa mstari, unabonyeza i kwenye unachotaka, d kwenye usichotaka, halafu x, kazi inafanyika.

Ukiisikia hivyo ni raha. Kumbe kifurushi kinamwita ndugu yake. Cha sauti kinataka kingine, hicho kinataka toleo jipya, toleo jipya liko kwenye CD ya mwisho, na CD ya mwisho imekwaruzika. Unasubiri mtu atoke Kigali na nyingine. Akifika, umeme hakuna.

Mara moja kihariri kikaniuliza: ili kuweka hiki, niondoe kile cha barua pepe? Macho yalikuwa yananiuma. Nikabonyeza x.

Ofisi nzima ikakosa barua.

"Wellars," Kabatesi alisimama mlangoni, hata hakupaza sauti, "nikuulize tu. We unatumikia watoto wenye wako hai, ao hiyo maiti?"

Nilirudisha barua pepe, nikaendelea kidogo kidogo, mchana, wengine wakienda kula.

Mpaka asubuhi ile.

Dirisha jeusi likafunguka kwenye skrini. Maandishi yakapita. Halafu ule mlio, na ile picha ya ziwa. Diski iliamka, ikadhani iko kwake. Nikafungua programu ya sauti, nikabonyeza jina la kwanza.

Mtoto akaongea.

Kabatesi alikuja na kikombe chake cha chai, akabaki nacho mkononi mpaka kikapoa.

Siku ya soko Verediane alipofika, nilimwekea kiti mbele ya skrini. Sauti zilikuwa zinakatika-katika, maana kompyuta mbili zilikuwa zinagawana pumzi ya moja. Akasikiliza msichana wa kwanza, akatikisa kichwa. Wa pili, vivyo hivyo. Tukaenda hivyo mpaka shingo yake ikachoka kutikisika.

Tukafika kwa msichana aitwaye Umuhoza.

"Kwetu kulikuwa ng'ombe," alisema Umuhoza kwenye kompyuta. "Nyeupe."

"Ilikuwa inaitwa nani?" ilisikika sauti ya Saidati.

Kisha Umuhoza akataja jina ambalo sikulishika.

"Hapana," alisema Verediane. "Huyu haiko wangu."

Nikapeleka mkono nimbadilishie mwingine. Akanidaka kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu za jembe.

"Rudisha."

"Mama, umesema si wako."

"Rudisha, ndakwinginze, nakusihi!"

Nikarudisha. Umuhoza akataja tena jina la ng'ombe. Nyuma yake, mbali na kinasa sauti, kitoto kingine kikadakia: "Urabeshya!" Yaani, unadanganya. Kikacheka, kikakohoa.

"Ule," Verediane alinong'ona. "Ule wa nyuma."

"Mama, watoto wote wanacheka hivyo."

"Wewe ulimuzaa?"

Nikaandika jina la Umuhoza kwenye karatasi.

Siku hiyohiyo tukavuka Grande Barrière, mi na yeye, tukamfuata Saidati Birere. Nilipomweleza, akajipiga paji la uso.

"Mungu wangu! Yule mudogo? Aliogopa kinasa. Ukikiweka mbele yake, anafunga mudomo kabisa, hata jina hasemi. Wanalala pamoja, wanakula sahani moja, tukafikiri ni dada na mudogo wake. Donc tukawaandika fiche moja."

Umuhoza na mdogo wake. Ndivyo ilivyoandikwa.

Karatasi hiyo Verediane alishasomewa mara nyingi, pale kwenye benchi letu. Na kila mara alisema hapana, maana Uwase hakuwa na dada.

Tuliwakuta kwa familia iliyokuwa inawalea. Nilitegemea kuona mtoto akimrukia mama yake. Uwase alimtazama Verediane, akajificha nyuma ya Umuhoza.

Hakumkumbuka.

Verediane hakulia. Alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu kama mtu aliyetembea safari ndefu, akasema, "Sina haraka."

Karatasi za kuwavusha zilichukua wiki nyingi. Kabatesi mwenyewe ndiye aliyezikimbiza, ofisi hadi ofisi. Verediane aliwachukua wote wawili, kwa sababu Uwase alikataa kuondoka bila mwenzake. Mama wa Umuhoza tulimtafuta sana. Hatukumpata.

Ufunguo wa majaribio ulipokuwa unakaribia kuisha, tuliwaita wazazi kila siku waje wasikilize. Wachache walipata. Wengi waliondoka kama walivyokuja. Halafu programu ikajifunga.

Niliwatembelea Mudende baadaye, kipindi cha kuvuna viazi. Verediane alinikaribisha kwenye mkeka, mgongo unamuuma, mikono ina udongo.

"Uwase anakuita mama sasa?" nikamuuliza.

"Umuhoza ndiye alianza," alisema. "Alianza kuniita vile akiomba maji. Huyu wangu wa tumbo alikaa anamutazama. Siku nyingi. Halafu naye akaomba maji."

Ndugu yangu unayesoma, kazi yangu mpaka leo ni kompyuta, na kila wiki mtu ananiambia ya zamani itupwe, muhtasari wake upo. Namwambia angoje. Aliyeandika muhtasari aliandika aliyekuwa mbele ya kinasa. Kabla hujafuta, kaa chini usikilize mwenyewe, na umruhusu mwenye uchungu wake asikilize pia. Utachoka. Mi nilichoka sana.