Chumvi ya Binti Yangu
Ilikuwa mwaka themanini na tisa. Hapana, tisini, maana nilikuwa nimeshastaafu. Nilimpelekea binti yangu miwani aliyoisahau, kule maabara ya kiwanda alikofanya kazi. Yeye hutikisa chupa kama anayembembeleza mtoto, kisha huigonga kwa ukucha na kuinamisha kichwa. Siku hiyo kobalti, madini aliyotaka kuyatenga, iligoma kutoka kwenye maji ya rangi ya waridi na kupanda kwenye mafuta yaliyoelea juu.

“Dada, ikigoma tena tunalifuta jaribio lako,” mkubwa wake akasema.

“Maji hayajashiba chumvi, bosi. Yakishiba yataitema yenyewe.”

Akaongeza chumvi, akatikisa, akagonga. Taratibu mafuta yakawa buluu, na ile rangi ya waridi ya maji ikafifia; kobalti imepanda. Wafanyakazi wote wa maabara wakasongamana mezani. Nikauliza kwa sauti, “Jamani, mnajua huyu ni mtoto wa nani?” Macho yote yalikuwa kwenye chupa; mpaka leo sijajibiwa.