Nani Hajaokoka

Mwalimu Khisa Nicanor alikuwa na kazi ambayo ukimsimulia mtu, anacheka kwanza. Alikuwa akijificha. Mameneja wa viwanda, shule na vyama vya akiba walimwita awafundishe kujiandaa kwa majanga, moto, mafuriko, jengo kuporomoka, naye asubuhi nzima angewafundisha vizuri kwa sauti yake ya upole. Halafu king'ora kingelia, kila mtu angetoka mbio, na yeye angebaki ndani amejikunja nyuma ya kitu fulani, akingoja waone kwamba kuna mtu amepungua. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Naitwa Trizah, nesi mstaafu wa hapa Ruiru. Nilifundisha huduma ya kwanza, na ni mimi peke yangu niliyejua amejificha wapi. Sharti lake lilikuwa moja tu, nisimwambie mtu.

Mwanzoni hatukufanya hivyo. Tulikuwa na gunia la nyasi tulilolivika ovaroli, tukaliita Muasya. Tuliwaambia mameneja mapema kwamba Muasya atakuwa ndani, na basi Muasya akaokolewa kila tulikoenda. Walimbeba juujuu kama bwana harusi, wakapiga naye picha. Kisha Khisa akaugua.

Aliishi Gitothua, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkewe Nekesa alishafariki, na binti yao Mitchell anafanya kazi Qatar. Malaria ilimwangusha akalala siku kadhaa bila nguvu ya kufungua mlango. Mimi wakati huo nilikuwa Ngoliba kwa binti yangu Cindy, aliyekuwa amejifungua. Majirani walidhani mzee ameenda ushago, kijijini kwao. Watu wa ushago walidhani yuko kazini. Mitchell alidhani simu imeisha chaji. Khisa alipopata nafuu alinisimulia haya Witeithie, kwenye kibanda tulichozoea kula githeri tukitoka kazini, akitafuna polepole.

"Mama Cindy," akasema, "kila mtu alidhani niko kwa mwingine."

Tangu siku hiyo Muasya alistaafu, na Mwalimu akaanza kujificha mwenyewe.

Nitasema wazi, jambo hilo lilinikera. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, anajikunja chini ya meza za wahasibu ili ajue kama kuna atakayemuulizia. Na hakuna aliyemuulizia. Kwa mameneja, wa kuhesabiwa ni wafanyakazi, mgeni ni mgeni. Wangejihesabu wao, wapongezane, kisha mimi ningepuliza filimbi ili atoke. Angekuja akijipangusa vumbi, atoe somo lake kuhusu wageni wanaosahaulika, wampigie makofi. Hatukumaliza darasa hata moja bila meneja mmoja kusimama na kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu hao methali wanazo, shida ni macho.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa imeshika, tuliitwa kwenye kiwanda kimoja cha magodoro huko Thika. Tukiwa tunatembea kuelekea getini akaniambia kwamba Mitchell amemjengea nyumba Kimilili na anataka arudi nyumbani apumzike. Alikuwa hajaamua.

"Leo usipulize filimbi," akasema. "Wakinitafuta, nitabaki huku. Wasiponitafuta, niende zangu."

Nikamwambia huo ni upuuzi, maisha ya mtu hayapimwi na watu wa magodoro. Akauliza, kwa upole kabisa, yapimwe na nani basi. Nilitaka kusema abaki. Nilikuwa nimemzoea, na nyumba yangu Ruiru ni kimya kama yake. Lakini mwanamke wa umri wangu anaanzaje maneno kama hayo, viatu vimejaa matope na askari wa geti anamtazama? Nikamwahidi sitapuliza, nikafunga mwavuli, tukaingia.

Kulikuwa na jambo lingine, dogo, tulilobishania kwa miaka. Khisa alifundisha kwamba watu wakishakusanyika uwanjani, kiongozi wao aulize kwa sauti: "Nani hajaokoka?" Kwake, kuokoka ni kunusurika, na Kiswahili sanifu kiko upande wake. Nilimwambia mara nyingi kwamba huku kwetu ukimuuliza mtu kama ameokoka atakupa ushuhuda na tarehe. Sema nani hajatoka, nikamsihi. Akakataa. Alisema hawezi kufukuza neno zuri kwa sababu makanisa yamelikopa.

Saa ya zoezi ikafika. King'ora kikalia, watu wakatoka vizuri, hata waliinamisha vichwa kwa ajili ya moshi ambao haukuwepo. Gachau, meneja mkuu, ambaye Jumapili ni mzee wa kanisa, akapanda juu ya jiwe lililopakwa chokaa. Akakohoa, akauliza kama alivyofundishwa:

"Nani hajaokoka?"

Ciku wa mauzo akainua mkono.

"Mimi niliokoka nikiwa form two. Praise God."

"Amen," wakaitikia.

Mwingine akasema ni Eddie wa stoo ndiye hajaokoka, wikendi hapatikani. Eddie akajibu kwamba bibi yake ameshaokoka, na nyumba moja haiwezi kuwa na walokole wawili. Hapo wote wakaangua kicheko, na hata mimi nilicheka, maana ilichekesha. Gachau akapangusa macho, akatuomba tuinamishe vichwa, akamshukuru Mungu kwa kuwatoa wote salama. Wote, alisema. Kisha akatangaza chai.

Chai ilikuwa chini ya turubai. Nilikaa na kikombe changu nikawasikiliza, na kila aliyefungua kinywa nilimtumainia. Walizungumza juu ya mvua, juu ya barabara, juu ya karo. Wangeci, yule wa kuajiri watu, akanigeukia kabisa na kiti chake.

"Madam," akasema, "hizo certificates mtatupea leo ama mtatuma?"

Nikamwambia zipo. Akashukuru. Mahali pa Mwalimu palikuwa pale pale mbele, kiti kitupu, na mandazi moja kwenye sahani yake. Eddie akanyoosha mkono, halafu, kwa adabu, akasita.

"Hii iko na mwenyewe?"

Hakuna aliyejibu. Akaila.

Nilitaka kumwaga chai ile mezani. Nilitaka kusimama niwaulize mliyekuwa mkimwita Mwalimu tangu asubuhi alikuwa nani. Lakini nilikuwa nimeahidi, na ahadi ilikuwa kutopuliza filimbi na kutomwambia mtu. Kwenda mwenyewe hakunikataza. Nikaweka kikombe chini, nikavuka uwanja kwenye mvua bila mwavuli.

Alikuwa stoo ya vitambaa, nyuma ya marobota. Siku hiyo hakujikunja. Alikuwa amekaa wima juu ya boksi, koti limefungwa vifungo vyote, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitalini. Aliposikia mlango uso wake ulichangamka wote, akaanza kunyanyuka, sijawahi kumwona hivyo. Kisha akaona ni mimi, akaketi tena.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Ningesema Gachau, au Wangeci, na pengine leo angekuwa bado Gitothua. Lakini nilikuwa na ukweli wangu, na nilitaka autazame.

"Hakuna aliyenituma, Mwalimu," nikasema. "Nimekuja tu. Mimi mwenyewe."

Maji yalikuwa yakinitiririka usoni. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Basi hakuna aliyekuja," akasema, akashika bega langu ili ainuke.