Unga wa Mama Rashidi

Nikisema kwamba nilivunjiwa heshima nitakuwa nawadanganya, maana hakuna aliyenivunjia, niliivunja mwenyewe kwa mikono yangu hii miwili, asubuhi moja ya baridi kule Newala, mbele ya watu kama arobaini. Mkitaka kucheka chekeni, ila nawaomba mningoje nifike mwisho, kwa sababu hata wenyeji walicheka kwanza halafu wakaacha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ng'ambo ya mto Ruvuma watu wanapigana na Mreno, na mimi nilikuwa kijana mpima ardhi kutoka Korogwe, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kichwani najiona nusu mkurugenzi. Tulitumwa kupima viwanja vya kijiji kipya, na kwa kuwa kijiji chenyewe kilikuwa hakijawapo (ndiyo maana tukatumwa) hapakuwa na nyumba ya kutulaza, kwa hiyo tulitembea na mahema, na hema jamani linataka mahali. Mtu asiyeijua nchi ile atasema pori ni pori, funga hema lako ulale. Thubutu. Kila kipande cha miti kule kina wenyewe, ukoo fulani wa upande wa akina mama, na hata ukikuta pamekaa kimya namna gani, ujue yupo mtu anayepahesabu kuwa pake.

Tulianza katika shamba la mikorosho. Mwenye shamba akapokea fedha ya wiki nzima, siku ya tatu akaona moto wetu wa kupikia umesogea kwenye majani makavu akatutoa, na sikuweza kumlaumu, korosho ndiyo chakula cha watoto wake. Tukapata bwana mmoja mchangamfu akatukodisha kichaka kizuri sana, tena kwa bei ya kirafiki, na tulipokuwa tunakula mchana akatokea mwenye kichaka halisi ameshika panga, anauliza kwa upole nani ametukaribisha. Mara mbili kwa wiki moja nilibebesha watu mahema, vyombo vya kupimia, masufuria na mapipa ya maji (na maji ya Newala mnayajua, yanatoka bondeni kwa jasho), na mkubwa wangu alikuwa ameleta habari kwamba keshokutwa anakuja kutoka Mtwara kuona kazi imefikia wapi. Kazi haikuwa imeanza.

Mpishi wetu Chande, mtu wa Masasi, Myao mwenye maneno machache, ndiye aliyesema kuna msitu wa ukoo wa Mama Rashidi pale ukingoni ambapo uwanda unakatika. Tukaenda. Miti imeshikana, upepo hauingii, na ukisimama upande wa kusini unaliona bonde lote la Ruvuma na nchi ya pili baada yake, na mara mojamoja unasikia ngurumo, wakati ule ni kiangazi na mawingu hakuna.

Mama Rashidi alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, anayeongea akiangalia chini, na msemaji wa ukoo alikuwa kaka yake, Mzee Mtipa. Nikaamkia shikamoo vizuri, nikaitikiwa marahaba, nikatoa fedha. Mzee Mtipa akaitazama kama anayetazama kitu nilichokiangusha, akaniambia niirudishe mfukoni, msitu ule haupangishwi. Tungetoa doti moja ya kaniki na chumvi kidogo, ndiyo heshima ya mahali, kisha tungoje jibu. Nikauliza jibu la nani. Akaelekeza kidole ardhini, akasema, "La wenyewe."

Jioni ile Mama Rashidi akaja na kikapu kidogo cha unga wa mtama alioutwanga kwa mkono wake, akapiga magoti chini ya mti wa msolo ambao uko katikati ya msitu, akawa anaumimina taratibu kutoka viganjani huku anasema maneno kwa Kimakonde, mpaka ukafanya kilima kidogo chenye ncha. Maneno yalikuwa mengi. Nikamnong'oneza Chande kwamba kumbe tunathaminiwa, mahema manne tu yanaombewa namna hii, naye akaniangalia, akageuka kuendelea kumsikiliza mama. Kisha mama akaufunika ule unga kwa bakuli la udongo, na Mzee Mtipa akatuambia mtu asiliguse mpaka alifunue yeye. Desturi yao ndiyo hiyo: asubuhi bakuli linafunuliwa, unga ukikutwa umesimama na ncha yake, wazee waliolala ardhini wamekubali, ukikutwa umeanguka, wamekataa, na hakuna rufaa. Sisi tukaruhusiwa kulala pembeni, mizigo ikiwa imefungwa.

Sasa hapa ndipo penye uamuzi wangu mdogo. Alfajiri niliamka kwa baridi (ukungu wa Newala unaingia mpaka kwenye soksi), nikatoka kwenda haja, na wakati wa kurudi nikapita karibu na ule msolo. Nikaliona bakuli. Nikajiambia nichungulie tu, nikijua mapema nitajipanga mapema, kwani kuchungulia kuna ubaya gani. Nikainama, vidole vimekufa ganzi, nikaliinua, na nilipoliinua unga ulikuwa umelala upande mmoja.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili nimeliwaza miaka yote. Sikuona unapoanguka. Mwanga ulikuwa hautoshi, na inawezekana ukingo wa bakuli ndio ulioukumba, na inawezekana pia niliukuta hivyo hivyo. Wakati ule sikujali ni lipi kati ya hayo. Niliona mahema yanabebwa mara ya tatu na mkubwa wangu anateremka kwenye Landrova, basi nikaanza kuukusanya unga kwa viganja niusimamishe. Haukukubali, nusu ulikuwa umechanganyika na mchanga. Nikakimbia jikoni kwa Chande, nikachota konzi mbili za sembe yetu, nikamalizia kilima, nikakichonga ncha nzuri kuliko ya mwanzo (ufundi niliokuwa nao wa michoro nikautumia pale), nikafunika, nikarudi kulala. Na usingizi ukaja, Mungu anisamehe.

Nilipoamka jua limetoka na msitu umejaa watu. Wanawake, wanaume, wazee wenye fimbo, watoto migongoni, wengine wametembea tangu usiku kutoka vijiji vya mbali. Mimi na ujinga wangu nikadhani wamekuja kwa ajili yetu. Nikavaa shati safi, nikachana nywele, nikasimama mbele yao nikatoa na hotuba, naam, hotuba, juu ya kijiji kipya na shule na kisima na umoja, na mwishoni nikawahakikishia kwamba mimi binafsi sina wasiwasi, jibu litakuwa jema. Watu walinisikiliza kwa adabu sana. Mama Rashidi alikuwa amekaa mbele kabisa, amejifunga kanga mpya, mikono yake ameibana katikati ya magoti.

Mzee Mtipa akafunua.

Mtama wao ni mwekundu, ndugu zangu. Katika giza la alfajiri unga ni unga, lakini juani kile kilima kilikuwa chekundu chini na cheupe juu, kama mzee aliyevaa kofia, na ubavuni alama za vidole vinne zimesimama wazi. Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akacheka, wakacheka wengi, na wote walikuwa wananitazama mimi, kwa kuwa katika msitu mzima sembe nyeupe ilikuwa kwenye gunia letu tu. Nikajaribu kucheka nao. Hapo ndipo nikaona kwamba wale wa mbele hawacheki, na kicheko kikaanza kuzimika kutoka mbele kwenda nyuma mpaka nikabaki nacho peke yangu.

Mzee Mtipa hakufoka, ingekuwa nafuu. Akaniambia, "Bwana Mpima, unga huu ulibebeshwa maneno mawili. La kwanza ni ninyi. La pili ni Rashidi."

Nikaelezwa pale pale nimesimama. Rashidi, mtoto wa pekee wa yule mama, alivuka Ruvuma kuwabebea mizigo wapigania uhuru, na masika mawili yamepita bila habari, wengine wanasema wamemwona, wengine wanasema boti lake lilipinduka, wengine wanakaa kimya wakimwona mama yake. Ndugu walimwambia mara nyingi aulize chini ya msolo kama kawaida ya ukoo, naye aliogopa jibu, anasema kesho, anasema baada ya mavuno. Tulipokuja sisi na kaniki yetu na jambo letu jepesi, ndipo alipopata moyo, akaona auliweke neno lake zito nyuma ya letu. Wale watu arobaini walikuja kuwa naye, liwe jibu la kucheka au la kulia. Chande alijua. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba alidhani mtu akiambiwa asiguse inatosha.

Mama Rashidi akainuka, akanisogelea. Alikuwa haangalii chini tena.

"Mwanangu," akasema, "ulipofunua, uliukuta umesimama au umeanguka?"

Nikamwambia umesimama. Nikasema, "Ulikuwa umesimama, mama, ni mkono wangu ulioangusha." Nilisema haraka, kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie.

Akauliza, "Unajua, au unanihurumia?"

Kuna maswali mtu ukiulizwa uongo wote unakauka mdomoni. Nikasema, "Sijui, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza Mzee Mtipa kama haiwezekani unga mwingine umiminwe, nitanunua mimi, nitaleta chochote, naye akasema neno likishaulizwa limeulizwa, wazee hawahojiwi kama mashahidi. Wakati tunaongea Mama Rashidi alikuwa amechuchumaa pale chini anautenganisha unga kwa ncha za vidole, mwekundu huku, mweupe huku, kwa subira ya mwanamke anayechagua mchele, na alipomaliza akauzoa ule mweupe, akaniwekea kiganjani.

"Huu ni wako," akasema.

Nilibaki nimesimama mbele ya watu wote na unga mkononi. Kuumwaga siwezi, ni chakula, na pale chini hapakuwa pa kumwaga unga wa mtu kama mimi. Kumpa mtu siwezi. Mwisho nikautia katika mfuko wa ile suruali yangu ya pasi, na hakuna aliyecheka.

Hawakutufukuza. Ila kabla ya saa nne mwanamke mmoja alileta ile kaniki na ile chumvi, kaniki imekunjwa vilevile tulivyoitoa, akaviweka juu ya sanduku la vyombo akaondoka, nasi tukaanza kung'oa mahema. Mkubwa wangu, ambaye alitakiwa aje kesho yake, alikuja siku ile ile, akatukuta barabarani masufuria yananing'inia mabegani, akauliza tumekosa nini, nikasema mahali pale paligeuka kuwa na siafu. Siafu walikuwa mimi.

Vita viliisha, Msumbiji ikapata uhuru, nami nilikuwa nimeshahamishiwa Singida. Niliisikia habari ile redioni watu wakishangilia, wakasema waliovuka wanarudi makwao, na niliwaza kuandika barua kwa Chande nimuulize jambo moja tu. Karatasi nilinunua. Sikuandika, kwa sababu Chande angejibu.

Mimi ni mzee sasa, na tangu asubuhi ile sijafunua chombo alichokifunika mtu mwingine. Hata jikoni kwangu, mke wangu akiniambia nikaangalie kama wali umeiva, namwambia aje afunue mwenyewe. Wajukuu wanafanya mchezo, wananifunikia vikombe mezani vitupu wanione nitafanya nini. Nawaacha wacheke. Nakaa pale, mikono katikati ya magoti, nangoja aliyefunika afunue.